Sensa ya joto, rada, kamera au beji: ipi uweke kwenye ofisi yako hapa Tabora

Maofisi mengi hapa Tabora mjini, kuanzia Cheyo mpaka kule karibu na stesheni, yameanza kuulizia hivi vyumba wanavyoviita vyumba smati, yaani chumba chenyewe kinajua watu wamo au hawamo, kinawasha AC na taa, kinazima wakitoka, kinamuonyesha dada wa mapokezi kwamba chumba cha mkutano kina kikao au kiko wazi, na vingine vinaenda mbele zaidi vinakwambia nani yuko wapi na amekaa kwenye kiti chake muda gani. Mi kazi yangu ni kufunga umeme na mitandao kwenye maofisi na swali ninaloulizwa ni lile lile, tuweke ipi? Watu wanauliza kama vile zote ni kitu kimoja zimepishana bei tu. Sio hivyo. Kuna chumba kinachojua kuna mtu, na kuna chumba kinachojua ni nani, hivyo ni vitu viwili tofauti kabisa, na msimamo wangu nautoa mapema: ofisi nyingi za hapa zinahitaji hicho cha kwanza tu.

Wazo lenyewe ni la zamani kuliko wengi wanavyodhani. Mwaka 1989 pale Cambridge, Uingereza, maabara ya Olivetti walitengeneza beji ya kuvaa kifuani ambayo kila baada ya sekunde 15 hivi inatoa mwanga usioonekana wenye namba ya mvaaji, sensa za ukutani, yaani vifaa vya kuhisi, zinaupokea, mtu wa simu anajua akupigie chumba gani. Miaka ya tisini Alex Pentland na wenzake wa MIT kule Marekani wakaja na vyumba vyenye kamera na maiki vinavyofuatilia mtu anafanya nini. Na lile jengo la Amsterdam linaloitwa The Edge, ambalo wanalitumia Deloitte, kampuni ya wakaguzi wa hesabu, lina sensa kama 28,000 hivi, nyingi zimewekwa ndani ya taa zenyewe. Sisi hatuhitaji 28,000. Ofisi ya vyumba sita ya Isevya inahitaji labda nane, ila ziwe sahihi na zikae mahali sahihi.

SENSA YA JOTO (PIR)

Hii ndo ya bei ya chini kuliko zote na ndo wengi mshaiona, ile yenye kijikichwa cheupe cha plastiki. Yenyewe haitoi kitu chochote, inapokea tu joto linalotoka mwilini. Kile kiplastiki ni lenzi, inakigawa chumba vipande vipande, ukivuka toka kipande kimoja kwenda kingine joto linalofika ndani linabadilika na sensa inasema kuna mtu. Kwahiyo inachoona ni mabadiliko, mtu aliyetulia haimuoni.

Na shida yote ya ofisini inaanzia hapo hapo. Mhasibu amekaa anahakiki vocha, haendi popote, vidole tu ndo vinatembea, dakika kumi zikiisha taa inazima na AC inazima, ananyanyua mkono vinawaka, dakika kumi tena vinazima. Mama mmoja mtu mzima, mhasibu, aliniuliza, "Mwanangu, hii taa inanifanyia kazi au mimi ndo naifanyia kazi?" Ukiongeza muda wa kusubiri ufike nusu saa unampunguzia kero, ila sasa kila akitoka AC inabaki inaunguruma nusu saa nzima chumba kitupu, na akitoka mara nne kwa siku hayo ni masaa mawili ya umeme yameenda.

Afu kuna hili la hali ya hewa yetu ambalo kwenye boksi halijaandikwa. PIR inategemea mtu awe na joto tofauti na ukuta ulio nyuma yake. Asubuhi ya mwezi wa saba kibaridi kipo, nyuzi 15 na kitu, mtu akiingia anaonekana vizuri sana. Mwezi wa kumi saa tisa alasiri, chumba hakina AC, kimefika nyuzi 33, na ngozi ya mtu kwa juu juu nayo ni 33 au 34, shati lake limeshachukua joto la chumba, sensa haina cha kulinganisha. Ile iliyokuwa inakushika kwenye mita 6 inaanza kukukosa ukiwa karibu zaidi. Kwahiyo ukijaribiwa sensa mwezi wa saba ukaambiwa inafanya kazi, mwambie fundi arudi mwezi wa kumi.

Usiielekeze dirishani jua linapopiga, usiielekeze kwenye mdomo wa AC, na mjusi akitembea juu ya lenzi jua taa itawaka saa nane usiku. Ila kwa korido, choo, stoo na ngazi, yaani sehemu ambazo mtu anapita hakai, hakuna kinachoishinda. Inakula umeme kidogo mno, zile za betri zinaweza kukaa mwaka au zaidi.

RADA

Hii inatuma mawimbi ya redio, mara nyingi ya gigahetzi 24 au 60, yanagonga mwili yanarudi, na ni mafupi kiasi kwamba inashika hata kifua kinavyopanda na kushuka ukiwa unapumua. Yule mhasibu na vocha zake anaonekana muda wote. Joto la mwezi wa kumi haliihusu kabisa. Kwenye chumba ambacho watu wanakaa kufanya kazi ya mezani, rada inaishinda PIR waziwazi na sioni sababu ya kubishana juu ya hilo.

Ila nayo ina mambo yake, tena makubwa mawili kwa maofisi ya hapa.

La kwanza ni pangaboi. Feni inazunguka, rada inaona kitu kinatembea, inasema kuna mtu, na kwa kuwa inaamini kuna mtu haizimi feni, na kwa kuwa feni haizimi inaendelea kuamini kuna mtu. Mnatoka saa kumi jioni mnarudi asubuhi pangaboi limekesha. Dawa yake ni kuiweka ukutani usawa wa kifua ikitazama viti, sio kwenye silingbodi, na kuichuja kwa umbali. Ile inayouzwa sana, LD2410, imegawa umbali kwa hatua za sentimita 75 kila moja mpaka kwenye mita 6 hivi, unaweza kupunguza usikivu wa kila hatua peke yake, kwahiyo ile hatua ambayo feni ipo unaipoza, za kwenye viti unaziacha kali. Hii kazi ya kupima inachukua muda na fundi asiyeijua atakwambia rada ni mbovu.

La pili ni kuta. Mawimbi haya yanapita kwenye ubao, jipsam, pazia na plastiki. Kama ofisi yako ipo kwenye yale majengo ya zamani ya Mjerumani yenye kuta nene, huna wasiwasi, chumba chako ni chako. Lakini maofisi mengi ni ukumbi mmoja umekatwa na paneli za ubao, rada ya kwa meneja inamuona sekretari wa upande wa pili na chumba cha meneja kinabaki na AC inawaka wakati meneja mwenyewe yuko safari Urambo. Hapo tena unachuja kwa umbali, au unaigeuza itazame ukuta wa nje.

Kwa bei, rada imezidi PIR ila sio kwa kutisha, na inataka umeme wa waya muda wote, ya betri sikushauri. Na kitu ambacho mafundi wengi tunafanya ni kuweka zote mbili chumba kimoja: PIR inawasha maana ina haraka mtu akifungua mlango, rada inashikilia maana ndo inajua mtu bado yupo. Kwa chumba cha mkutano hii pea ndo jibu langu, bila kuzunguka.

Hapa niseme kitu kuhusu pesa maana watu wanaanza na taa. Bomba la LED ni wati 18. Likiwaka masaa mawili ya bure kwa siku, siku 22 za kazi, haifiki hata uniti moja kwa mwezi, yaani chini ya shilingi mia tatu. AC ya hospawa moja na nusu, kompresa ikiwa inafanya kazi, inakula kilowati moja hivi, masaa yale yale mawili ni uniti 44 kwa juu kabisa, na kwa shilingi 350 na ushee kwa uniti ni elfu kumi na tano kwa chumba kimoja. Umeme wa LUKU, huu tunaoulipia kabla, unaishia kwenye AC. Ukiwa na hela ya kufanya kitu kimoja, sensa iende kuzima AC, swichi ya taa waache wabonyeze kwa mkono.

KAMERA

Kamera inaweza vingi kuliko zote, hilo sikatai. Inahesabu watu, inajua wamekaa au wamesimama, inajua foleni ya mapokezi imefika watu wangapi. Kipindi cha masoko ya tumbaku viongozi wa AMCOS, vyama vya ushirika vya wakulima, wanapofurika toka Kaliua na Urambo, kujua foleni ya kaunta imekuwa ndefu ili mtu wa pili atoke ofisini akasaidie ni msaada wa kweli. Lakini inataka mwanga, inataka kompyuta ya kuchambua picha, na kama picha zinachambuliwa nje ya nchi inakula bando lako mchana kutwa.

Na kuna sheria. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 imeanza kazi Mei 2023, kuna Tume yake, na anayekusanya taarifa za watu anatakiwa kujisajili na kuwa na sababu ya kukusanya. Sura ya mtu na alama ya kidole sio taarifa za kuchezea. Sasa wewe ulitaka AC izime watu wakitoka, ukajikuta una hifadhi ya video za wafanyakazi na wateja wako ambayo inabidi uilinde miaka yote. Haibebeki, kazi ni ndogo na mzigo ni mkubwa.

Kuna ya katikati, sensa ya picha ya joto yenye vipikseli vichache, kuna ya 8 kwa 8, yaani vitone 64 tu. Inaona kuna madoa matatu ya joto mezani, haiwezi kujua ya nani. Nzuri kwa kuhesabu watu kwenye chumba chenye AC. Chumba kisicho na AC mwezi wa kumi inapata shida ile ile ya PIR.

BEJI, SIMU NA SENSA ZA CHINI YA MEZA

Hizi ndo zinazojua nani. Wengine walijaribu kuhesabu watu kwa Wi-Fi ya simu zao, sasa hiyo imekuwa ngumu maana simu za kuanzia Android 10 na iOS 14 zinabadilisha ile namba ya utambulisho ya Wi-Fi zisifuatiliwe. Beji bado zinafanya kazi. Swali ni kama unazihitaji. Ile maabara ya Olivetti ya enzi za simu za mezani ilikuwa na sababu, mtu hayupo kwenye meza yake na hana simu mfukoni. Leo ukimtaka mtu wa ofisi yako unampigia tu.

Ila kuna jambo hapa nataka tulitazame vizuri maana linagusa hata zile sensa nilizozisifia juu. Januari 2016 wafanyakazi wa gazeti la Daily Telegraph pale London walikuta vijisanduku vimefungwa chini ya meza zao, vinapima kama mtu yupo kwenye kiti. Uongozi ukasema ni kwa ajili ya kubana matumizi ya nishati. Kelele zilikuwa kubwa, vikang'olewa siku hiyo hiyo. Na vile vijisanduku havikuwa kamera, vilikuwa vinaangalia joto na mjongeo, yaani ndugu wa hii PIR ya elfu kadhaa. Kilichovigeuza kuwa vya kupeleleza ni mahali vilipowekwa. Sensa iliyo chini ya meza ya mtu mmoja inajua ni nani, hata kama haina jicho.

Maana yake rada yako ndani ya ofisi ya mhasibu, ambayo ni yake peke yake, nayo inaandika saa aliyoingia, mara alizotoka, muda aliokaa nje. Kama ile kumbukumbu inahifadhiwa, siku moja kuna bosi ataifungua. Kwahiyo mi ninapofunga vyumba vya mtu mmoja nazima kabisa kuhifadhi historia ya ile sensa, inabaki kujua sasa hivi tu, yupo au hayupo, na nawaonyesha wenye vyumba kwenye skrini kwamba hakuna kinachoandikwa. Chumba cha mkutano historia iache, pale ni pa wote na inasaidia kujua kama chumba kinatumika. Na waambie watu kabla hujatoboa ukuta. Wakae kikao, waulize maswali, mtu mzima hawezi kukuta kitu kinawaka waka juu ya kichwa chake asijue ni nini, hata heshima inakataa.

SENSA YA HEWA

Hii watu hawaiulizi na mi naipenda kuliko zote kwa upande wa kusaidia kazi yenyewe. Inapima kaboni dayoksaidi. Nje ni kama 420 hivi kwa kila milioni, pumzi anayotoa mtu ina kama 40,000. Sasa AC zetu za ukutani, na hili watu wengi hawalijui, haziingizi hewa mpya, zinazungusha ile ile iliyomo ndani. Watu kumi kwenye chumba cha mkutano, madirisha yamefungwa kwa sababu ya AC na vumbi na moshi wa mashamba yanayochomwa kiangazi, haichukui muda namba inavuka 1,000 na kuendelea kupanda, ndo pale ajenda ya nne watu wanapiga miayo na maamuzi yanasukumwa kikao kijacho. Mwaka 2012 watafiti wa Lawrence Berkeley kule California waliwapima watu 22 kwenye hewa ya 600, 1,000 na 2,500, uwezo wa kufanya maamuzi ulishuka kwenye 1,000 na kwenye 2,500 ukashuka vibaya. Tafiti za baadae hazikukubaliana zote kwamba kosa ni la gesi yenyewe, ila namba ikiwa juu ni hakika hewa ya chumba imetumika sana, na dawa ni bure, fungua dirisha dakika kumi.

Kwa kugundua mtu yupo ni mbovu, inachelewa sana. Itumie kuwasha kitaa cha njano pale mlangoni tu.

Na uiambie iko Tabora. Tupo mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari, mgandamizo wa hewa hapa umepungua zaidi ya asilimia 10 ukilinganisha na Dar, na sensa hizi zinasoma kulingana na mgandamizo. Usipoweka mwinuko kwenye mipangilio itakusomea namba ndogo kuliko ukweli, utaambiwa hewa ni safi wakati sio. Nunua yenye sehemu ya kuweka mwinuko, kama SCD40, na chumba kipate hewa ya nje angalau mara moja kwa wiki maana inajirekebisha kwa hiyo hewa.

MAIKI

Vyumba vya kusikiliza na kuandika muhtasari wa kikao, sishauri. Kikao chetu kina Kiswahili, kina Kinyamwezi, kina maneno ya kiofisi ya Kiingereza, na sauti zinaenda kwenye kompyuta za watu msiowajua. Katibu wa kikao aendelee na kazi yake.

UBONGO WA CHUMBA UKAE WAPI

Hapa ndo watu wengi wanapotea, wananunua sensa nzuri zilizofungwa kwenye programu ya simu ya kampuni fulani, intaneti ikikatika chumba kinakuwa hakijui kitu. Hapa kwetu intaneti na umeme vyote vinakatika. Chagua vitu vinavyoongea ndani kwa ndani. Kompyuta ndogo kama Raspberry Pi yenye Home Assistant, programu ya bure iliyoanza 2013, inaendesha vyumba vyote bila intaneti hata kidogo, na ukiiweka kwenye UPS, ile betri ya akiba, pamoja na ruta haizimiki kila umeme unapocheza.

Mambo matatu muulize fundi kabla hujampa advansi. Moja, umeme ukirudi saa saba usiku, AC itabaki imezima au itawaka? Sahihi ni ibaki imezima mpaka sensa iseme kuna mtu. Pili, AC anaizima kwa kukata umeme au kwa kuituma kama rimoti? Kukata umeme wa kompresa kila saa ni kuiua, na ikizimwa isiwashwe kabla ya dakika tatu kupita, akuwekee kile kifaa kinachojifunza rimoti. Tatu, swichi zako za ukutani zina waya wa nyutro, ule wa kurudisha umeme? Nyumba nyingi hapa hazina, kwenye boksi la swichi kuna waya wa moto na ule unaokwenda kwenye taa tu, na swichi smati nyingi zinautaka, kwahiyo kifaa kinabidi kifungwe juu ya dari kwenye taa.

Basi kwa ofisi ya vyumba vichache, korido na vyoo weka PIR. Vyumba vya mtu mmoja weka rada, historia imezimwa. Mapokezi acha macho ya dada wa kaunta na kengele ya kumuita mwenzake. Na kama bajeti ni ya chumba kimoja tu mwaka huu, anza na chumba cha mkutano: PIR na rada kwa pamoja, sensa ya hewa, kifaa cha rimoti ya AC, na kijiskrini mapokezi kinachosema kuna kikao au hakuna. Kifungwe kabla ya mwezi wa tisa ili kipite kwenye joto lote la mwezi wa kumi, na pesa ya mwisho ya fundi umlipe mvua za mwezi wa kumi na moja zikishaanza.